Huo ufa ni wa rangi au wa mbao? Kwa anayetaka kununua gitaa la besi lililotumika

Nianze na msimamo wangu kabisa, ukiwa huna muda uishie hapa hapa: urefu wa ufa na wingi wa nyufa havikuambii chochote. Kuna besi ina mistari kila kona, mbele na nyuma, ukiiweka kwenye mwanga unasema hii imekwisha, kumbe ni nzima kabisa na itapigwa miaka mingine mingi tu. Na kuna nyingine inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana, ina kamstari kamoja ka sentimita mbili nyuma ya nati (kale kakipande kanakobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa), na hiyo ndo ya kumrudishia mwenyewe na kumwambia asante. Kinachosema ukweli ni vitu viwili, imepakwa rangi ya aina gani na ufa uko wapi.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wanaacha besi nzuri kwa kuogopa rangi, na nimechoka zaidi kuona wengine wanauziwa shingo iliyovunjika kwa maneno matamu ya "kaka hiyo ni rangi tu". Mara nyingi kweli ni rangi tu. Shida ni kwamba anayesema hivyo kwa kawaida hajaangalia, anatamani tu iwe hivyo, na wewe mnunuzi nawe unatamani iwe hivyo, mnakuwa wawili mnaotamani na hamna aliyeshika tochi.

Tuanze na rangi, maana hapa ndo watu wengi wanaruka.

Magitaa ya umeme ya zamani yalipakwa laka ya nitroselulosi, kwa kifupi watu wanaiita nitro. Haikutengenezwa kwa ajili ya magitaa. Ilikuwa rangi ya magari, DuPont waliiingiza sokoni miaka ya 1920 kwa jina la Duco na ikapendwa kwa sababu inakauka haraka, ndo maana hata Fender, watengenezaji wa magitaa, walipoanza kuuza rangi za kuagiza walikuwa wanachota kutoka kwenye makopo yale yale ya magari ya Marekani, Duco na Lucite ambayo yenyewe ni ya akriliki. Besi yao ya Precision Bass ilitoka 1951, Jazz Bass 1960, na za miaka ile ukizikuta na rangi yake ya mwanzo ujue unaongelea laka za namna hiyo. Nitro inakaa nyembamba, na kukauka kwake hakuishi, yani miaka inavyoenda vile vitu vilivyowekwa kuifanya iwe laini vinatoka taratibu, inabaki ngumu, kavu, njano njano. Mbao iliyo chini haijaacha kutembea wakati huo wote, inanyonya unyevu inavimba, inakauka inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana wa mishipa yake zaidi sana kuliko kwa urefu. Laka iliyokauka haiwezi kuifuata. Siku moja gitaa linatoka kwenye baridi kali linafunguliwa ghafla kwenye chumba chenye joto, laka na mbao hazitembei kwa mwendo mmoja, laka inaachia. Ndo unapata ile mistari myembamba kama unywele inayokata bodi bila kujali mishipa ya mbao inaelekea wapi.

Kwa hiyo kwenye nitro ya zamani mistari ni umri, sio ugonjwa. Mimi besi ikidaiwa ni ya miaka ya 1960 na rangi yake ya mwanzo, alafu sioni hata mstari mmoja, hapo ndo naanza kuuliza maswali, maana inawezekana imetunzwa vizuri ajabu, ila inawezekana pia imepakwa upya na hakuna aliyetaka kusema.

Poli ni habari nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender walihamia kwenye poliesta na poliurethani, viwanda vingine vingi vikaenda huko huko, na leo besi nyingi unazokutana nazo zikiuzwa zimepakwa poli (Gibson ndo hao bado wameng'ang'ania nitro kwa magitaa yao ya Marekani). Poliesta hasa inakaa nene, inaweza kufika nusu milimita au kupita, ni ganda gumu lililoizunguka mbao, na haipasuki kirahisi kwa hali ya hewa. Sasa fikiria maana yake. Kama poli haipasuki kwa umri, basi ufa kwenye poli una sababu: kitu kiligonga, au skrubu ililazimishwa, au mbao ya chini ilisogea. Mstari ule ule ambao kwenye nitro ningeupita bila hata kusimama, kwenye poli nasimama nauliza nini kilitokea hapa. Watu wanafanya kinyume, wanaiogopa nitro yenye mistari mia na kuusamehe ufa mmoja wa poli eti kwa sababu ni mmoja.

Kuzitofautisha sio kazi ya maabara. Angalia palipochubuka. Nitro inaisha taratibu, pale mkono unapolala inakonda inakonda mpaka mbao inatokeza, ukingo wake huuoni vizuri. Poli haikondi hivyo, inabanduka kipande, na ukingo wa pale ilipobanduka ni ngazi unayoweza kuisikia kwa kucha. Stendi za mpira pia zinasema, nitro ikikaa kwenye mpira muda mrefu inaharibika, inabaki na alama au inanata, poli kwa kawaida haijali. Kuna watu watakwambia utie asetoni kwenye pamba upake sehemu iliyojificha, nitro itayeyuka poli haitayeyuka, ni kweli, lakini hiyo besi sio yako bado, utamwambiaje mwenye mali? Na jua kwamba zipo pia zinazouzwa kama nitro wakati chini yake kuna tabaka la poli, na laka imepitishwa juu juu, hizo zinachanganya hata mafundi.

Alafu kuna nyufa za makusudi. Watu wanalipia besi mpya iliyozeeshwa, fundi anaigandisha kwenye baridi alafu anaipasha, au anakata laka kwa wembe. Za wembe utazijua, zimenyooka mno na zimepangana mno. Sina tatizo nazo, kila mtu na pesa yake, ila usilipie umri ambao haupo.

Haya, mahali.

Kwenye besi za shingo ya kufungwa kwa skrubu, nyufa nyingi zinakaa pale shingo inapoingia kwenye bodi, kwenye lile shimo la mraba, mi naliita kiti cha shingo. Hapa kelele ni nyingi kuliko shida. Angalia palivyo tu: kona za shimo ni kali, rangi imepita juu ya kona, na kwenye besi nyingi za umbo la Fender ule ukuta wa upande wa nyuzi nyembamba ni mwembamba kwelikweli kwa sababu bodi imekatwa ili mkono ufike juu. Kiwandani rangi ikijaa ndani ya shimo shingo inaingia kwa kubanwa. Alafu maisha yanaanza, besi inaegemezwa ukutani, inabebwa kwa shingo, inaangushwa kidogo, kila mara shingo inasukuma ule ukuta kiasi ambacho jicho halioni, na poli haijui kupinda. Inapasuka kwenye kona, mstari unatembea sentimita moja, mbili, tatu, unaishia.

Kuna besi moja nyekundu niliwahi kuletewa niiangalie, nyuzi nne, poli nene, ufa umeanzia kwenye kona ya kiti upande wa nyuzi nyembamba umeenda karibu na ukingo wa bodi, na pembeni yake pana weupe weupe fulani wa kutisha. Mwenyewe alishaanza kuulizia gundi. Tukalegeza nyuzi, tukatoa skrubu nne, shingo ikagoma. Ikabidi kuitikisa pole pole mpaka ikatoa kamlio kakavu ka rangi inayoachia, na ilipotoka, kwenye ubavu wa kisigino chake, yani ile ncha inayoingia kwenye bodi, kulikuwa kumeganda kipande chekundu kilichong'oka ukutani mwa shimo. Nikamulika ndani. Ufa unaonekana kwenye unene wa rangi, unashuka, unafika kwenye mbao, na hapo unakufa, mbao iko safi, mishipa imenyooka haijakatika popote, ukipitisha kucha unasikia ngazi ya rangi alafu ulaini mtupu. Ule weupe ulikuwa hewa tu, ganda limeachana kidogo na mbao. Tukakwangua rangi iliyozidi kwenye kuta, shingo ikaingia kwa mkono bila kulazimishwa, na mpaka leo ule mstari uko pale pale haujaongezeka.

Ukikuta ufa wa hapo, basi, omba shingo itolewe. Ni skrubu nne na dakika chache, muuzaji asiyetaka umemjua. Mbao ikiwa imepasuka kweli utaiona ndani ya ukuta wa shimo, itafuata mishipa, mara nyingi itatokeza na upande wa nyuma wa bodi, na ukibonyeza ule ukuta kwa kidole gumba utauona unacheza. Cheki pia matundu ya skrubu kwenye bodi. Skrubu inatakiwa ipite kwenye bodi kwa ulaini na ing'ate kwenye shingo tu, kama inang'ata kote kote basi kila unapokaza unaipasua bodi mwenyewe. Na hata mbao ikiwa imepasuka hapo, sio msiba, gundi inayopenya na vibano vya seremala na usiku mmoja wa kusubiri, imekwisha. Punguza bei, chukua besi.

Nyuma ya nati sasa, na hapa sina utani. Kuna besi ambazo kichwa chake kimelala nyuma, Gibson ndo wanajulikana zaidi kwa hilo, magitaa yao mengi kichwa kinalala digrii zipatazo 17, na besi yao ya Thunderbird iliyotoka 1963 ni mfano ambao mafundi wanaujua vizuri kuliko wangependa. Kichwa kikilala hivyo kwenye mbao ya kipande kimoja, mishipa ya mbao haifuati kona, inakatwa, kwa hiyo pale penye kona unategemea mbao fupi fupi. Juu ya hapo kwenye sehemu hiyo hiyo wanachimba nafasi ya nati nyingine, ya kukazia trasirodi, yani ule ufito wa chuma unaonyoosha shingo. Umechukua sehemu dhaifu ukaichimba. Alafu unafunga nyuzi nne nene za besi ya urefu wa inchi 34, ambazo zikiwa kwenye noti zinavuta kwa jumla kilo 70 na kitu, usiku na mchana, na kwenye ncha ya yote hayo kuna vikazio vinne vya chuma vizito. Besi ikianguka chali kichwa ndo kinapiga chini kwanza. Na wakati mwingine hata hakigusi kitu, besi iko ndani ya boksi lake, boksi linaanguka, uzito wa kile kichwa peke yake unatosha kuichana shingo. Besi zenye kichwa kilichonyooka na shingo, za Fender na jamaa zake, hii shida kwao ni ndogo sana, sio kwamba hazivunjiki, ila inabidi ujitahidi.

Ufa wa hapo mi siuiti ufa wa rangi mpaka uthibitishe wenyewe. Mulika tochi kwa ubavu, sio kwa kuelekeza moja kwa moja, unailaza kabisa karibu na mbao ili mwanga upite juu juu, kila kilichoinuka kitatoa kivuli. Pitisha kucha kukatiza mstari kwenda na kurudi. Kama kucha inapita bila kukwama pande zote mbili, pana dalili nzuri. Kama upande mmoja uko juu kuliko mwingine hata kidogo, mbao imesogea, rangi peke yake haina nguvu ya kufanya hivyo. Umbo nalo linasema: ufa wa mbao huwa unapinda, unapanda upande mmoja kufuata mishipa, una meno meno, na mara nyingi ukiufuata unatokea ubavuni. Alafu fanya hivi, besi ikiwa imetuniwa kabisa angalia mstari, legeza nyuzi zote, uangalie tena. Mstari unaofunguka nyuzi zikikaza na kufunga zikilegea, huo umeshajibu. Kuna ujanja mwingine wa mafundi, kitambaa chenye naftha kidogo, yale mafuta ya viberiti vya chuma, unapitisha juu, usoni inakauka haraka lakini kwenye ufa ulioingia ndani inabaki, unaona mstari umelowa kwa muda kidogo wakati pembeni kote pameshakauka. Haiumizi laka wala poli. Moto kaa nao mbali, sihitaji kusema.

Ila usije ukaona mstari wowote hapo ukapiga kelele. Besi nyingi, hasa za bei ya chini na ya kati, kichwa kimeungwa kwa makusudi kiwandani, wanakata mbao kwa mshazari wanagundisha, inaokoa mbao na kwa kweli inakuwa imara kuliko kona ya kipande kimoja. Muungo huo unaonekana kama mstari, wakati mwingine hata rangi inadidimia kidogo juu yake. Utautambua kwa sababu umenyooka kwa rula, na ukigeuza shingo unaukuta upande wa pili mahali pale pale kwa pembe ile ile. Kuvunjika hakuna adabu hiyo.

Kinachonitia wasiwasi kuliko ufa unaoonekana ni rangi nyeusi isiyo na sababu. Shingo yote ni ya mbao inayoonekana, alafu nyuma ya nati tu pamepakwa weusi unaofifia kwenda juu na chini. Inaweza kuwa ni urembo wa kiwandani, zipo hizo. Inaweza pia kuwa ni shuka limefunikwa juu ya mgonjwa. Hapo tochi ya mwanga wa zambarau, hii ya kukagulia noti bandia, ndo kazi yake. Laka ya zamani ikimulikwa gizani inatoa mng'ao wa kijani njano hivi, na sehemu iliyoguswa baadaye inabaki na weusi au rangi nyingine tofauti, unaona hadi pale aliyeipaka alipoishia kupuliza. Kwa poli haisaidii sana.

Na shingo iliyovunjika ikaunganishwa vizuri, je? Inafanya kazi. Gundi nzuri ya mbao kwenye ufa uliofungana sawasawa inakuwa na nguvu kuliko mbao yenyewe, na besi ya Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa jazz, ile Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti (vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) aliyoipaka epoksi ya boti kwenye ubao huo, ilivunjwa vipande vipande miaka ya 1980 na mafundi wakaiunga ikapigika tena, kabla ya kuibiwa 1986 na kupotea kwa miaka mingi mpaka ilipopatikana, na Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, akasaidia irudi kwenye mikono ya familia. Kwa hiyo sio kwamba imekufa. Ila bei ya besi iliyovunjika kichwa haipandi tena hata ingeungwa na malaika, kwa hiyo nunua kwa bei ya iliyovunjika au usinunue, na nunua kwa kupiga, sio kwa kuja kuuza. Ufa ambao haujaungwa mimi nauchukulia rahisi kuliko ulioungwa vibaya, maana gundi mbovu ikishaingia kwenye mbao inazuia gundi nzuri kushika, na fundi anaanza kazi kwa kusafisha makosa ya mwenzie.

Sehemu nyingine nitapita haraka. Kwenye shingo za mbao ya mepo (maple) zilizopakwa rangi hadi juu ya ubao wa vidole, vinyufa vidogo kando ya freti ni kawaida kabisa, mbao inasinyaa chuma hakisinyai. Kwenye shingo zenye ukanda wa plastiki pembeni, mfano Rickenbacker 4001, kapasuko kadogo kwenye ukanda mbele ya kila freti nako ni hivyo hivyo. Mstari unaokimbia kati ya ubao wa vidole na shingo ni mbao mbili zinazotembea tofauti zikiwa zimefunikwa na rangi moja, chukua kipande cha karatasi nyembamba ujaribu kukiingiza, kisipoingia endelea na maisha, kikiingia gundi imeachia. Nyuma ya shingo nyingi za Fender kuna ule utepe wa mbao nyeusi walikopitishia trasirodi, rangi kupasuka kandokando yake sio neno, lakini ukipitisha kidole ukausikia utepe umeinuka, uliza nani alikuwa anakaza ile rodi na alikuwa na hasira gani.

Vitufe vya mkanda nitakaa navyo kidogo kwa sababu hakuna anayeviangalia. Besi ni nzito, na ikianguka ikiwa mkandani au ikadondoka kwa chini, kitufe kinapigwa kama msumari kuingia kwenye mbao. Rangi inapasuka kwa miduara kukizunguka, hiyo ni sawa. Ila ukiona mstari mmoja umetoka kwenye kitufe umefuata mishipa ya mbao, gonga kwa kifundo cha kidole taratibu pande zote mbili za mstari. Mbao nzima inatoa sauti moja, fupi, iliyoshiba. Iliyopasuka inatoa mlio uliokufa au kamtetemo, na ukishasikia mara moja hutausahau. Kugonga huku kunafaa bodi yote, na kwenye poli kutakuonyesha pia sehemu ambazo ganda limeachana na mbao, mlio wake ni mwembamba wa juu juu.

Tundu la waya likiwa ubavuni mwa bodi liangalie, mtu akikanyaga waya wakati anatembea jukwaani ule ukuta ndo unaolipa. Kwenye besi zenye betri, kona za kile kisanduku cha betri ni nyembamba na zinapasuka, haina madhara makubwa. Kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, tafuta mstari unaounganisha tundu la skrubu na tundu la skrubu. Briji za Gibson zinazosimama juu ya vijiti vitatu nazo zichunguze, vijiti vikiwa vimeinama kuelekea kwenye pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) na rangi mbele yake imepasuka, nyuzi zinashinda mbao pole pole.

Na mstari mrefu ulionyooka unaokata bodi yote kutoka mwanzo hadi mwisho usiutolee machozi. Bodi nyingi ni vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa, miaka ikienda rangi inadidimia pale kwenye muungo. Besi zenye shingo inayopita katikati ya bodi zina miungo miwili ya namna hiyo, moja kila upande. Fungua mfuniko wa nyuma ukaangalie ndani ya shimo la nyaya, kama muungo huko ndani umefungana, mstari wa nje ni wa rangi. Kama unaona mwanga au vumbi limejipanga ndani ya muungo, gundi imechoka.

Vumbi na uchafu kwa ujumla ni rafiki yako. Ufa wenye weusi ndani umekaa miaka, umekula jasho na moshi, na kama haujasogea muda wote huo una sababu ndogo ya kusogea kesho. Ufa wa mbao ambao ndani ni mweupe, msafi, wenye rangi ya mbao iliyochanwa leo, umetokea karibuni, na mtu anayekuuzia pengine anajua siku yenyewe.

Kama unanunulia mbali kwa picha, usikubali picha za kumulikwa na taa ya simu kwa mbele, hiyo inafuta kila kitu. Mwambie aweke besi karibu na dirisha apige kwa mshazari, nyuma ya nati, kisigino cha shingo pande zote, vitufe, briji, na nyuzi ziwe zimekazwa kwenye noti sio zimelegea zinaning'inia. Besi inayouzwa "haina nyuzi kwa sasa" ina sababu tano za kutokuwa na nyuzi na mojawapo ni mbaya.

Kuhusu sauti, nyufa za rangi hazifanyi kitu, iwe kwa ubaya au kwa uzuri, na yule atakayekwambia nitro iliyopasuka inapumua vizuri muache apumue mwenyewe. Kuhusu bei, nitro ya zamani yenye mistari hupunguziwi, na wala usiwaze kuipaka upya, kwenye besi ya zamani rangi mpya inaua thamani kuliko nyufa zote ulizoziona. Poli iliyopasuka kwenye kiti cha shingo una haki ya kuomba kidogo. Mbao iliyopasuka popote unaomba gharama ya fundi na usumbufu wako juu.

Ukishainunua na kuna ufa ambao bado huna uhakika nao, chukua penseli laini, weka alama ndogo pale unapoishia, piga picha ikiwa na rula pembeni, kaza nyuzi na uendelee kupiga. Majira yakibadilika angalia tena, ukikuta mstari umeipita alama peleka kwa fundi. Weka besi mahali ambapo hewa haibadiliki badiliki sana, sio juu ya kitu kinachotoa joto wala mbele ya kipoza hewa. Na ikija kwa mzigo kutoka sehemu ya baridi, hasa kama ni nitro, acha boksi limefungwa ndani ya nyumba masaa mengi, ikibidi mpaka kesho yake, ndo ufungue. Au kama wewe ni wa wale wanaolipia mistari, fungua tu.